Mizinga ya Mukuyuni Juu ya Kilima cha Iviani

Tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Wengine mmekuja dukani mkijifanya mnataka kupimiwa sare za watoto, na kabla sijashika tepu mmeshaanza: "Lakini Mama Mueni, ile mizinga ilienda wapi?" Wengine mmenivizia baada ya mazoezi ya kwaya. Basi naandika mara moja, msome wote, mniache nishone. Nawaonya mapema kwamba nina hasira. Nilijaribu kuyasoma haya upya ili niipunguze, ikaongezeka.

Mukuyuni

Mama mdogo wangu, Syombua, mnamjua. Ni yule aliyekuja mazishi ya mama akakataa kiti cha plastiki akisema bado hajazeeka kiasi cha kubebwa na plastiki. Anaishi Iviani, mji mdogo juu ya kilima, huko mbele ya Ikutha, Kitui kusini. Ndiko mama alikozaliwa. Zamani kulikuwa na mgodi wa ulanga pale, yale mawe yanayong'aa na kubanduka karatasi kwa karatasi, na mgodi ukaleta watu wa kila aina. Ulipofungwa, watu hawakuondoka.

Sasa mama mdogo alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nakata kola. Hakusalimu.

"Mwiitu, wanakata."

Mwiitu ni binti. Ana haki ya kuniita hivyo hata kama nina wajukuu.

"Nani wanakata, mwaitu?" Na mimi namwita hivyo, mama.

"Wote."

Ilikuwa hivi. Kuna kampuni inataka kuufungua mgodi tena, na kabla ya kuchimba imewaachia watu wa makaa waondoe miti. Kilima kimenyolewa. Kilichobaki ni ukanda mmoja tu wa miti juu ya chemchemi, mahali panapoitwa Kwa Mbao. Chemchemi hiyo ndiyo maji ya mji mzima. Miti ikienda, maji yanaenda, na mama mdogo, ambaye amekataa kuhamia kwa watoto wake Nairobi, atalazimika kuhama akiwa na umri ule. Ameniambia mara nyingi kwamba akitolewa Iviani atakufa kabla ya kuzoea mahali pengine, na mimi namwamini.

Kilichowazuia wakataji kumaliza ni mizinga. Babu yangu aliacha mizinga miwili ya magogo pale juu, imechomwa alama ya ukoo wake. Wakataji ni Wakamba, na Mkamba anaweza kukufanyia mengi mabaya, lakini mti wenye mzinga wa ukoo wa watu hauguswi mpaka wenyewe waongee. Walikuwa wakiizunguka miti hiyo miwili wakikata kando. Mama mdogo aliangalia hayo siku kadhaa, kisha akapata akili.

"Tukijaza mizinga Kwa Mbao yote," akasema, "watakata nini?"

Iviani hakuna tena anayechonga mizinga. Hapa Mukuyuni yupo, kaka yangu Muthama. Alichonga mizinga sita ya mti wa mukau bila kulalamika, akaipaka nta ndani, na siku ya mwisho akapasha chuma moto na kuchoma alama mzinga mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimekaa pale pale nikimenya viazi. Niliona moshi na kusikia harufu yake. Alama yenyewe sikuiangalia, na hilo litatusumbua mbele.

Muthama anaumwa mgongo, hawezi kukaa garini. Kwa hivyo ni mimi niliyebeba mizinga, mwanamke, na kila mtu njiani aliniuliza wapi mwanaume wa mizinga hiyo. Hata nyinyi mliuliza.

Hadi Kambu, ambako sikuwa naenda

Nilipata pikapu ya mzee mmoja mpole wa kanisa, anayepeleka viti vya kukodisha harusini. Tulikubaliana ataniteremsha Kibwezi, pale barabara ya Ikutha inapokata.

Kabla ya barabara kuu tukasimamishwa na askari wawili. Mmoja akapanda nyuma, akagonga mzinga kwa rungu.

"Mama, hii ni mazao ya msitu. Kibali iko wapi?"

"Hii ni mizinga ya nyuki, afande."

"Nyuki iko wapi?"

"Bado haijaingia."

"Basi hiyo ni mbao."

Tukiwa katikati ya mabishano hayo, lori likapita limejaa magunia ya makaa mpaka juu, limefungwa kamba kila upande. Dereva akapunga mkono. Askari akapunga mkono. Nikauliza, "Na ile?"

"Ile ni makaa, mama," akaniambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Makaa si mti."

Nimelirudia neno hilo kila siku tangu nirudi. Nitaruka jinsi tulivyoachiliwa. Ilichukua asubuhi iliyobaki, na mzee wa pikapu aliomba kwa sauti wakati wote, sijui kama alikuwa akiniombea mimi au askari.

Hasira huchosha. Tulipoingia barabara kuu nikasinzia, na nilipofumbua macho niliona kibao cha Kambu. Kibwezi ilikuwa imepita kitambo.

"Baba, si nilisema Kibwezi?"

"Ulisema, mama. Lakini ulikuwa umelala vizuri sana. Nikaona si heshima kuamsha mtu mzima."

Mnajua vile nilivyo. Lakini utamfokea vipi mtu aliyekukosea kwa adabu? Alishusha mizinga yangu mwenyewe, mmoja mmoja, akaipanga kando ya barabara, akaniombea tena na kwenda zake harusini. Nikabaki na magogo sita na jua.

Kambu

Watu wa Kambu wanaishi kwa kuuzia magari, na gari lisiposimama wanaangalia chochote kilichopo. Siku hiyo nilikuwepo mimi. Mmoja alisema hizo ni ngoma. Mwingine akasema ni majeneza ya watoto, na wa tatu akamwambia aache kuongea maneno mabaya mbele ya chakula. Kisha akatoka mama mwenye duka la soda, kitambaa kichwani, Biblia ndogo mfukoni mwa aproni.

"Mama, mimi nimeokoka. Hiyo kamuti yako itoe mbele ya biashara yangu."

Kamuti! Sisi watu wa Makueni na Kitui tumechekwa Kenya nzima kwa ajili ya uchawi, na bado tunatishana wenyewe kwa wenyewe.

"Hata mimi nimeokoka," nikamwambia. "Naimba sauti ya pili. Hii ni myatu. Babako hakuwa na myatu?"

Myatu ni mizinga kwa Kikamba. Alikuwa nayo, babake, huko Nzambani, akasema, akiiangalia yangu. Nikamweleza kuhusu Iviani, chemchemi na wakataji. Alitikisa kichwa, akarudi ndani, na baada ya muda akaniletea chapati mbili na ndengu. Lakini sahani aliiweka chini, mbali kidogo na mizinga, nikaifuata huko. Wokovu una mipaka yake. Ndengu zilikuwa tamu, zimeungwa na nyanya nyingi, na sikulipishwa.

Jua lilikuwa limeanza kupinda wakati lori la mbuzi liliposimama kununua maji. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mrefu, anaitwa Adan. Watu wake ni wa kaskazini-mashariki, Waislamu, wamefanya biashara ya mifugo Ikutha tangu babake. Alikuwa anatoka pwani kupeleka mbuzi, anarudi mtupu. Akatazama mizinga, akanitazama.

"Mama, unaenda wapi na hizi?"

"Ikutha, kisha Iviani."

"Panda."

Hakuuliza mwanaume yuko wapi. Alikuwa wa kwanza.

Kambu hadi Ikutha

Tulirudi mpaka Kibwezi, tukakata, tukaingia barabara ya Kitui. Wasiwasi wangu ulikuwa harufu. Lori la mbuzi linanuka mbuzi hata baada ya kuoshwa, na nyuki hawapendi uchafu. Nilimwambia Adan nyuki wanaweza kukataa mizinga hii. Akacheka.

"Basi wataingia nyuki Waislamu. Hao wamezoea mbuzi."

Tulivuka Mto Athi maji yakiwa machache, mchanga mwingi. Baada ya daraja alisimama kuswali na kukagua magurudumu. Aliporudi alipitia nyuma, nikamwona ameinama akifuata alama ya mzinga kwa kidole: mistari miwili na upinde juu yake.

"Hii ni nini?"

"Ni alama ya ukoo. Inaonyesha mzinga ni wa nani."

"Aaa. Kama ngamia." Akafurahi. "Kwetu kila ngamia amechomwa alama. Ngamia akipotea miaka mbili, mtu akiona alama anajua ni wa kina nani, na hawezi chinja. Hii ni ya ukoo gani?"

"Yetu."

"Na hiyo mlima ni ya ukoo yenu?"

Hapo ndipo nilipoiangalia alama kwa mara ya kwanza.

Ukoo wangu ni wa baba yangu, watu wa huku Mukuyuni. Iviani ni kilima cha ukoo wa mama. Alama ya kina mama ni duara lenye mstari katikati, ndiyo iliyoko kwenye mizinga ya babu. Muthama alikuwa amechoma alama ya baba. Kwa Wakamba, kutundika mzinga wenye alama ya ukoo wako kwenye mti wa ukoo mwingine bila kuomba ni kama kuingia nyumbani kwa mtu na kujitandikia kitanda. Nilikuwa nimebeba ugomvi wa mizigo sita, na nilikuwa nimeuomba uchongwe mimi mwenyewe.

Nikapiga simu.

"Wee Muthama, umechoma alama gani?"

"Yetu."

"Yetu ya nani?"

"Si mimi ni mtoto wa baba yako? Ulitaka nichome ya nani?"

"Ya kina mama! Kilima ni ya kina mama!"

Kisha, kwa sauti ndogo, "Hukusema."

"Na wewe hukuuliza!"

"Alama haiulizwi," akasema, na simu ikakatika. Anasema ni chaji iliisha. Mimi namjua.

Adan aliniambia tuchukue panga tukwangue. Nikamwambia mzinga uliokwanguliwa alama ni mzinga wa mwizi, na ukichomwa alama ya pili juu ya ya kwanza ni mbaya zaidi. Akasema hata ngamia ni hivyo hivyo. Nikalia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa kukasirikia kichwa changu, na mgongo wa Muthama, na watu wa makaa walionitoa kwenye cherehani yangu. Adan aliongeza sauti ya redio ili nisione aibu, akaendesha bila kunitazama.

Ikutha nililala kwa familia ya kaka yake, mwenye duka. Mke wake alinipa anjera na supu ya mbuzi na chai ya maziwa ya ngamia, ambayo ina moshi ndani yake na mtu akiizoea anaitaka tena. Aliniuliza kama ni kweli Iviani wanakata mpaka kwa maji. Nikasema ni kweli. Akasema, "Mama mkwe wangu alijifungua huko, wakati wa mgodi. Wamama wa Kikamba walimchotea maji." Aliongea polepole, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya kuazima kwetu sote wawili.

Kupanda

Asubuhi Adan alinifikisha mguuni mwa kilima. Lori haliwezi kupanda. Pale nilimkuta Mwakio na punda wake. Mwakio ni Mtaita ambaye babu yake alikuja kuchimba ulanga. Siku hizi anabeba maji kutoka mtoni kwenda juu kwa sababu chemchemi imeanza kupungua. Aliteremsha mitungi yake ya njano, akapakia mizinga yangu, akasema maji yatangoja.

Mlangoni mwa mji kuna bango jipya, kubwa, la rangi. Nilisimama nikalisoma lote. "Urithi wa Madini na Misitu wa Iviani. Karibu." Kampuni ndiyo imeliweka. Kuna picha ya mchimbaji mwenye kofia nyeupe akicheka, na kando yake mti. Mti wenyewe ni ule wa Krismasi, wenye ncha, ambao haujawahi kuota Ikutha tangu dunia iumbwe. Nyuma ya bango, kilima kitupu, visiki vikitoa moshi.

"Huyo wa picha ni nani?" nikamuuliza Mwakio.

"Sijui. Hata yeye hatujui."

Babu yake Mwakio amezikwa Iviani. Fundi Mhindi aliyepasua mbao za mgodi ameacha nyumba ambayo mlango wake unafungwa mpaka leo bila kukwaruza. Kuna msikiti mdogo ambao udongo wake una vumbi la ulanga, ukipigwa na jua kuta zinametameta. Kengele ya kanisa ni kipande cha reli ya mgodini, na inasikika mpaka bondeni. Hakuna hata kimoja cha hivyo kwenye bango.

Na kuna jambo alilonieleza Mwakio tukipanda, ambalo mama hakuwahi kunieleza. Kila shimo lilihitaji magogo ya kulishikilia lisiporomoke, na magogo yalitoka hapa hapa kilimani. Walikata sana, hao wazee. Lakini Kwa Mbao walipaacha. Mchimbaji anakunywa maji, fundi wa mbao anakunywa maji, na mzungu mwenye mgodi, kwa ubaya wake wote, alikunywa maji. Mkoloni aliacha miti ile. Imetungoja sisi wenyewe tuje tuimalize. Niliposikia hivyo nilitaka kurudi chini nikang'oe bango kwa meno.

Iviani

Mama mdogo alitoka nje akitabasamu. Akamkaribia punda wa kwanza, akashika mzinga, akaona alama. Tabasamu likaondoka.

"Hii ni nini?"

"Mwaitu, Muthama alikosea."

"Umeniletea alama ya Mukuyuni? Juu ya kilima cha babangu? Nilikuomba ngao, umeniletea mwizi!"

Alifoka mpaka majirani wakatoka. Nami nikafoka, kwa sababu nilikuwa na njaa na vumbi na nilijua ana haki. Mwisho akaniambia niiache mizinga nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna atakayeiona, akanipa muthokoi na maharagwe bila kuniangalia. Mahindi yalikuwa yamekobolewa vizuri. Nililia kidogo ndani ya sahani.

Baada ya chakula akaja mjomba wangu, Mzee Kilonzo, kaka yao mkubwa na msemaji wa ukoo wa mama. Nilimsalimu kwa heshima. Nilitumaini atasaidia. Alikaa, akakohoa, akasema tuache kelele za miti. Ameshaongea na kampuni. Kampuni italeta maendeleo. Itachimba kisima.

"Kisima ya nini, mjomba, na chemchemi iko?"

"Chemchemi itakauka," akasema, "kwa hivyo tunahitaji kisima."

Mama mdogo aliinuka akaingia ndani.

Kesho yake tuliamshwa na misumeno ya mashine. Tulipanda Kwa Mbao mimi, mama mdogo, Mwakio na watu wengine wa mji. Wakataji walikuwa wamefika kwenye mti wa kwanza wa babu. Kiongozi wao, Kasyoka, mtu wa upande wa Mutomo, alikuwa amezima mashine akiangalia juu. Mjomba alisimama kando yake na fimbo.

"Hiyo mzinga ni ya ukoo yangu," mjomba akasema. "Nimeshaongea. Teremsheni."

Wakateremsha kwa kamba, wa mti huo na wa mti wa pili. Mmoja ulifika chini. Wa pili kamba iliponyoka, ukaanguka, ukapasuka, masega yakatapakaa na nyuki wakapaa juu wakizunguka mahali palipokuwa nyumba yao. Kisha mashine ikawashwa na mti wa kwanza ukaanguka. Mti alioutundikia babu. Niliuhisi chini ya miguu.

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona mama mdogo ameelewa kabla yangu. Alama ya ukoo wake haikuweza kumlinda tena, kwa sababu mwenye kuisemea alikuwa ameshauza mdomo. Hata tungetundika mizinga mia ya alama ile, mjomba angesema "teremsheni" mara mia.

Mama mdogo alinishika mkono.

"Mwiitu, leta ile mizinga yako."

"Ile ya Mukuyuni?"

"Hiyo hiyo. Kimbia."

Tulikimbia. Punda wa Mwakio walifanya kazi ambayo hawakuwahi kufanya. Mwanamke hapandi kutundika mzinga, hilo tulilishika hata siku ile, na hakuna mwanaume wa ukoo wa mama aliyethubutu mbele ya mjomba. Alipanda Mwakio. Mtaita hana ukoo pale wa kumkemea. Wakataji wakiwa bado wanakatakata matawi ya mti ulioanguka, alitundika mizinga sita ya Mukuyuni kwenye miti sita ya mbele, akateremka mikono ikitoka damu.

Kasyoka akaja na mashine mpaka kwenye mti mkubwa wa muuku uliosimama juu kabisa ya chemchemi. Akainua macho. Akaona mistari miwili na upinde. Akazima.

"Mzee, hii ni ya nani?"

"Hiyo ni takataka imeletwa jana," mjomba akasema. "Kata."

"Nimeuliza ni ya nani."

"Si ya hapa."

"Basi nani ameongea na wenyewe?"

"Mimi nimesema kata!"

Kasyoka aliweka mashine chini taratibu. "Mzee, wewe ni mdomo ya ukoo yako. Ya hawa wengine siwezi sikia kutoka kwako. Mimi nina watoto."

"Basi iteremshe tu, uweke kando."

"Panda wewe, mzee."

Mjomba aliangalia kamba. Hakuna aliyecheka. Kisha akanigeukia mimi, uso umemwiva kwa hasira.

"Mwiitu wa Mukuyuni, umekuja kuniibia kilima?"

Sijawahi kumjibu mjomba vibaya maishani mwangu. Mama asingeniruhusu.

"Mjomba," nikasema, "mtu haibiwi kitu ambacho ameshakitoa."

Alinyanyua fimbo. Mama mdogo akaja akasimama mbele yangu, mdogo kama alivyo, akiwa hata kifuani hamfikii. Fimbo ikashuka yenyewe. Wakataji walikusanya vitu vyao wakateremka, wakasema watarudi wenye alama wakishaongea. Wenye alama, yaani sisi.

Nyumbani

Safari ya kurudi haina cha kusimulia, ila nilizungukia Kambu nikamrudishia mama wa duka sahani niliyokuwa nimeondoka nayo kwa kusahau, na safari hii alinipa kiti. Aliniuliza mizinga iko wapi. Nikamwambia iko juu. Akasema, "Bwana asifiwe," na nadhani alimaanisha.

Sasa mnajua. Na hili la mwisho ndilo mlilokuwa mnalinyemelea, msijifanye. Ndiyo, wazee wa ukoo wa baba yangu wameniita Jumamosi. Mjomba ametuma watu kwao, kwa heshima zote, kuomba mizinga iteremshwe ili amani irudi. Nimesikia wengi wao wameshakubali. Wanasema mwanamke ametumia alama ya ukoo bila ruhusa. Wanasema nimewaingiza kwenye ugomvi wa watu wa Kitui. Muthama ameitwa pia na tangu jana mgongo wake umezidi. Hao wazee hawajawahi kuuliza ni nani anakunywa maji ya Iviani.

Adan amenipigia kuuliza kama Muthama anaweza kuchonga mzinga mwingine ukachomwa alama ya ngamia wa babake. Nilimwambia nitauliza. Muthama alijibu akiwa kitandani kwamba alama haiulizwi, kisha akaomba achorewe hiyo ya ngamia aione.

Na leo asubuhi amepiga mama mdogo. Safari hii pia hakusalimu. Alisema tu niende mahali pa kimya, kisha akanyoosha simu juu, nikasikia mvumo. Ni mzinga wa muuku, ule wa chemchemi. Umeingiwa, pamoja na harufu ya mbuzi na yote.

Kwa hivyo Jumamosi nitaenda. Nitawasalimu wazee mmoja mmoja kama nilivyofunzwa, na wakisha kunieleza makosa yangu yote nitawajibu kwa maneno machache. Alama ni yao. Kama wanataka ishuke, njia ya Ikutha naijua, na kamba ya Mwakio ipo. Mmoja wao apande aiteremshe kwa mkono wake mwenyewe. Nyuki wako ndani.